Vifaa Chakavu, Mafungu Saba

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta, maana wengine wote waliomo humu, hadi mpakia taka, walikuwa na akili zao timamu.

Nilikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni kwa miaka ishirini na sita. Mtaani wananiita Kufuli, na jina hilo sikulipata kwa sura. Mwaka wangu wa tatu kazini walikuja wakaguzi, wakahesabu, wakakuta makatoni kumi na mawili yamo kwenye leja lakini hayamo kwenye rafu. Nililala rumande wiki tatu, mpaka makatoni yakaonekana nyuma ya mapipa ya mafuta, humohumo stoo, yametulia tu. Hakuna aliyeniomba radhi. Nilitoka na chawa na elimu. Chawa niliwamaliza kwa sabuni ya kiwanda. Elimu ikabaki: kitu kisicho na karatasi hakipo, kitu kilichofunguliwa kina maswali, na mkaguzi asione chochote kilichochakaa. Kwa elimu hiyo nilifika siku ya kustaafu bila kuguswa tena. Nilidhani inatosha kwa mambo yote ya dunia.

Mdogo wangu, ambaye hata mimi humwita Mwalimu, ana darasa la chekechea. Alilifungua miaka sita iliyopita katika chumba kilichokuwa duka la viatu, mtaa wa nyuma wa kiwanda cha nguo. Chumba kimoja, dirisha moja pana, mkeka mkubwa sakafuni, na misumari ishirini na miwili ukutani. Juu ya kila msumari amechora picha, samaki, kikombe, mwavuli, ili mtoto asiyejua kusoma ajue pa kutundika mfuko wake. Misumari niliigongomea mimi, na mwavuli nikausifia nikidhani ni uyoga. Watoto ni wa mama wanaoshona kiwandani. Asubuhi wanawaacha mlangoni wakikimbilia kengele, saa kumi wanawachukua. Mimi hufika kila siku kurekebisha hiki na kile, na watoto huniita Babu Kufuli.

Mwaka huu ikaja barua kutoka ofisi ya elimu. Madarasa madogo yote yatakaguliwa. Litakalofaulu litapewa kibali, lisilofaulu litafungwa mpaka ukaguzi wa mwaka unaofuata. Na darasa liwe na angalau aina kumi na mbili za vifaa vya michezo na kujifunzia vinavyofaa umri wa watoto.

Nilisoma barua ile mara tatu, kwa miwani na bila miwani. "Aina kumi na mbili" ilinikaa kichwani kama wimbo. "Vinavyofaa umri wa watoto" niliyaona maneno ya adabu tu, kama yale ya "wako mtiifu" chini ya barua.

Bahati ilikuwepo. Chama kimoja cha kusaidia shule kilikuwa kimeleta vifaa, vimepangwa kwenye ukumbi, kila darasa dogo lije kuchagua ujazo wa katoni mbili. Kuchagua ni mara moja, hakuna kubadilisha. Msaidizi wa Mwalimu alikuwa amekwenda kujifungua, na watoto ishirini na wawili hawaachwi peke yao. Kwa hiyo Jumanne asubuhi nikatumwa mimi, nikapewa orodha iliyoandikwa kwenye kipande cha boksi.

"Soma mbele yangu, kaka," alisema.

"Kusoma najua, Mwalimu."

"Soma kwa sauti."

Nikasoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Vipande vya mbao visivyo na rangi, vya ukubwa mbalimbali, vingi iwezekanavyo. Shanga kubwa zisizoingia mdomoni, na kamba zake. Mabeseni mawili ya maji na mchanga. Vikombe vya kupimia. Chaki nene. Vitambaa.

"Vitambaa vya nini?"

"Vya kuwa chochote. Leo ni paa la nyumba, kesho ni mto, keshokutwa ni shela ya bibi harusi."

"Na hizi mbao? Mkaguzi si atadhani tunapika?"

"Kaka."

"Nauliza tu. Nikija na kuni, sema mapema ninunue na sufuria."

Alicheka, lakini akanishika mkono wa shati. "Usichague kwa macho yako. Piga magoti kwanza, uvione vitu kutoka pale anapovionea mtoto wa miaka minne."

"Magoti yangu na mimi hatusemeshani siku hizi," nikamwambia, nikaondoka.

Ukumbini palikuwa na meza ndefu, na dada mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi shingoni, ndiye aliyekuwa akiwaongoza watu.

"Watoto wako wangapi, mzee?"

"Ishirini na wawili. Mdogo kabisa ana miaka mitatu. Huyo mkali, juzi aliniuma."

"Basi chukua aina chache, idadi kubwa. Wakiwa wadogo hivyo hawajui kungoja zamu."

"Dada yangu, mimi nimegawa sabuni kwa wanaume mia tatu waliopanga foleni."

"Na wao walikuwa na miaka mitatu?"

"Siku ya mgao, ndiyo."

Akacheka mpaka miwani ikacheza kifuani. Hapo ndipo nilipopotea. Mtu akinichekea mzaha wangu, ushauri wake hausikiki tena, nasikia kicheko tu.

Mbao zilikuwemo. Zilikuwa ndani ya gunia, zimekwaruzika, nyingine zina alama za kalamu za watoto wa mahali pengine. Niliinua kipande kimoja, nikakinusa, nikakirudisha. Shanga zilikuwa kwenye ndoo isiyo na mfuniko. Vitambaa vilikuwa vitambaa. Halafu upande wa pili wa meza, ee bwana, kulikuwa na maboksi. Yamefungwa kwa nailoni, yana picha za watoto wenye meno yote, yana lakiri ya gundi isiyoguswa. Ubao wa herufi unaosema wenyewe. Gari moshi la betri. Boksi la daktari. Darubini. Saa ya kujifunzia. Ramani ya dunia ya kuunganisha, vipande mia tano. Mikono yangu ikaanza kufanya kazi iliyoizoea. Moja, mbili, tatu, nikafika aina kumi na mbili, moja moja, zikajaa katoni mbili bila kubaki nafasi ya kidole. Kile kipande cha boksi chenye orodha ya Mwalimu nilikigeuza, nikaandika orodha yangu kwa nyuma. Hakikuharibika bure.

Katoni nilizilaza kwangu. Jioni akanipigia simu.

"Umepata mbao?"

"Nimepata vitu, Mwalimu. Wewe tulia."

"Nimekuuliza mbao, kaka."

"Utafurahi mwenyewe," nikasema. Simu ilikuwa na chaji ya kutosha, lakini nilimwambia inazima.

Jumatano jioni walimu wote wa madarasa madogo waliitwa ofisini kupewa maelezo ya ukaguzi wa kesho yake. Watoto walipoondoka, Mwalimu akaniachia ufunguo. "Panga vipya kwenye rafu. Vya zamani viache palepale kwenye kona. Nitawahi asubuhi."

Nilisikia. Naapa nilisikia. Lakini nilipomaliza kupanga, maboksi kumi na mawili yamenyooka kwenye rafu ya juu, lebo zote zinatazama mlango, nikageuka nikaiona ile kona. Wewe hujawahi kuogopa wakaguzi, huwezi kuiona kona ile kama nilivyoiona mimi. Nililala rumande kwa makatoni yaliyokuwa yamejipanga vizuri tu mahali pasipo pake. Je, huyu atakayekuja kesho, akikuta takataka zile ndani ya darasa la mdogo wangu?

Nikaamua kuziondoa. Na kwa kuwa mimi ni mimi, sikuziondoa hivihivi. Nilikaa chini nikazihesabu, nikaandika.

Fungu la kwanza: vizibo vya soda, mia tatu na tisini, kingo zote zimegongwa zikalazwa, rangi sita. La pili: vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa uzi, mafungu thelathini. La tatu: mizani ya vifuniko viwili vya kopo na ubao wa rula, moja, inafanya kazi. La nne: maboksi ya viatu kumi na manne, yamekatwa madirisha na milango. La tano: mawe laini ya ukubwa mbalimbali, ndoo moja. La sita: vitabu vilivyoshonwa kwa mkono, picha za magazeti, tisa, kurasa zimeraruka na kubandikwa. La saba: mwanasesere wa nguo, mmoja, hana jicho la kushoto, amefungwa bendeji miguu yote.

Gari la taka hupita mtaa ule kabla jua halijapanda. Alhamisi nilikuwa mlangoni nikilisubiri. Mpakia taka alishuka, mtu mzima mwenye glavu zisizofanana, akaanza kubeba. Nikamzuia.

"Saini kwanza."

"Nisaini nini, mzee?"

"Kwamba umepokea."

"Nimepokea taka?"

"Vifaa chakavu, mafungu saba. Soma mwenyewe, hesabu iko sawa."

Alinitazama kama anayetafuta wapi nimeumia. "Tangu niingie kazi hii sijawahi kukabidhiwa taka kwa maandishi. Kwenu mmefiwa? Haya ni mirathi?" Lakini akavua glavu, akasaini vizuri kabisa, akaweka na tarehe. Gari likaondoka. Nikafagia kona. Moyo wangu ulikuwa mweupe.

Mwalimu alifika saa moja kasorobo. Hakutazama rafu hata kidogo. Alitazama kona.

"Viko wapi?"

"Nimekusafishia."

"Umeviweka wapi, kaka?"

"Gari limeshapita. Usiwe na wasiwasi, wamesaini."

Sijui kama umewahi kumwona mtu akikaa kwenye kiti cha mtoto bila kukusudia. Alishuka tu, magoti yakamfika kidevuni. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Na mbao?"

Nikamwonyesha rafu. Akaziangalia lebo moja moja, midomo ikicheza kama anayesoma dua.

"Kila kitu kimoja?"

"Aina kumi na mbili. Barua inasema aina."

"Nipe mkasi."

"Wa nini?"

"Nifungue. Watoto wapate hata nusu saa ya kuvishika."

"Mwalimu, hufungui kitu asubuhi ya ukaguzi. Ukifungua kinapungua, kikipungua—"

"Kaka, nipe mkasi."

Watoto wakaanza kuingia, wakatundika mifuko kwenye samaki na vikombe vyao, na kama kawaida yao wakaenda moja kwa moja kwenye kona. Wakasimama pale. Hawakulia. Walikuwa wanatazama sakafu iliyofagiwa, kama watu waliofika kituoni wakakuta barabara imehamishwa. Yule mdogo kabisa, aliyeniuma, akanivuta suruali.

"Mgonjwa yuko wapi?"

Mgonjwa ni yule mwanasesere. Kila asubuhi walikuwa wakimtibu kabla ya jambo lolote. Wa kupima joto alikuwepo, wa kufunga bendeji alikuwepo, wa kumlaumu kwa nini alicheza mvuani alikuwepo. Mtoto huyu mdogo kazi yake ilikuwa kumwambia "pole". Alipoletwa hapa miezi minne nyuma hakusema na mtu yeyote wiki nzima, na "pole" ile ndiyo iliyokuwa neno lake la kwanza.

"Amekwenda hospitali," nikasema.

"Na nani?"

Nikaenda kumletea Mwalimu mkasi. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza ameingiza mkasi kwenye nailoni ya boksi la kwanza. Hodi ikabishwa mlangoni.

Mkaguzi alikuwa mama mtu mzima, viatu vya raba, begi la kitambaa begani. Nilimngojea mwenye tai. Akatusalimia, akavua viatu, akaketi mkekani, miguu mbele, kama aliyekuja kukaa siku nzima. Nikampelekea rejista ya vifaa niliyoijalidi mwenyewe.

"Asante, mzee. Iweke hapo."

Akaiweka chini ya mkoba wake wa penseli. Hakuifungua. Miaka ishirini na sita, sijawahi kuona mkaguzi asiyefungua kitabu.

"Haya," akawaambia watoto. "Mimi ni mgeni. Nionyesheni mnavyocheza."

Watoto wakamtazama Mwalimu. Mwalimu akashusha boksi alilokuwa amelikata, akaweka mkekani. Lilikuwa la ule ubao wa herufi. Mtoto mmoja akagusa. Ukaanza kuimba kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua mle ndani, kwa sauti ya mtu anayeuza kitu. Ishirini wakarukia pamoja. Wawili wakaziba masikio. Mwalimu akatafuta pa kuuzima, nami nikatafuta, tukaugeuza, tukautikisa. Hauna swichi, huzimika wenyewe ukichoka. Haukuchoka.

"Uweke nje," mkaguzi akasema kwa upole. Nikautoa uani, ukaendelea kuimba huko.

Nikaona nisaidie. Nikashusha ile ramani ya dunia, nikaifungua kwa meno, nikamwaga vipande mia tano mkekani. Haijapita dakika, mkaguzi alinyoosha mkono, akamshika kidevu yule mdogo kabisa, akaingiza kidole, akatoa bahari mdomoni mwake. Kipande kizima cha bahari. Akakipangusa kwa leso, akaniwekea kiganjani bila neno.

"Mwalimu," akasema, "vitu hivi ni vipya. Vina harufu ya ghala. Mimi sikuja kuangalia ghala. Naangalia kitu kilichoshikwa mpaka kikang'aa, kilichoumwa, kilichobandikwa. Nikiona alama za meno najua watoto wapo. Jana walichezea nini?"

Kabla Mwalimu hajajibu, watoto wote walikuwa wameshageuka kutazama kona.

"Vizibo," mmoja akasema.

"Na nyumba za maboksi."

"Na Mgonjwa," akasema yule mdogo.

"Viko wapi?"

"Babu Kufuli amempa mtu wa gari," akasema mtoto wa mwavuli, ambaye mama yake humleta mapema kuliko wote, kumbe aliyaona yote kutoka ng'ambo ya barabara.

Ungekuwa wewe, ungenyamaza. Mimi nilidhani nina dawa. Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa ile karatasi. "Mheshimiwa, hakuna kilichopotea kiholela. Viliondolewa kwa utaratibu. Hii hapa saini ya aliyepokea."

Akaisoma. Akaisoma tena, kidole kikipita chini ya mistari. Vizibo mia tatu na tisini, kingo zimegongwa, rangi sita. Mizani, inafanya kazi. Kurasa zimeraruka na kubandikwa.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi."

"Ni orodha nzuri kuliko zote nilizosoma mwaka huu," akasema. "Kuhesabu, kupanga kwa rangi, kupima, kujenga, kusoma, kuigiza. Darasa lote limo humu." Akainua macho. "Sasa nionyeshe hivi vitu, mzee."

Nimewahi kuzuiwa, nimewahi kufukuzwa, nimewahi kulala sakafuni kati ya wezi wawili waliokuwa wakigombana juu yangu. Sijawahi kuishiwa nguvu kama pale. Nilisimama na bahari kiganjani. Kila nilichojua kufanya nilikuwa nimeshakifanya, na kila nilichokifanya kilikuwa ndicho kosa. Huko uani ule ubao ulikuwa bado unauza herufi zake.

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Mwalimu hakumbembeleza. Alikaa mkekani na watoto watatu wamemlalia, akimfunga mmoja kamba ya kiatu.

"Naamini ulikuwa navyo," mkaguzi akamwambia. "Lakini naruhusiwa kuandika nilichokiona. Siwezi kuandika nilichoambiwa."

"Naelewa, mama."

"Mwakani nitaomba nije mimi."

"Karibu, mama."

Alivaa viatu vyake. Ile karatasi yangu aliikunja akaitia kwenye faili. Rejista iliyojalidiwa aliiacha.

Sikungoja saa kumi. Niliazima baiskeli kwa fundi cherehani wa jirani nikaenda hadi jaa la taka, nje ya mji, jua limesimama. Yule mpakia taka alikuwa kivulini mwa gari lake.

"Mzee wa risiti," akaniita kutoka mbali.

"Mafungu yangu yako wapi?"

"Yale ya mirathi?" Akaona uso wangu, akaacha mzaha. "Mzee, gari letu linasaga. Kikiingia kimeingia. Hata mimi nikitumbukia humo, nyumbani watanizika kwa kijiko."

"Hata mwanasesere?"

"Hata mwanasesere." Akajikuna. "Lakini si una karatasi? Peleka ofisini, ulalamike."

"Karatasi imechukuliwa na mkaguzi."

Akatikisa kichwa. Akazunguka nami nusu saa nzima, mtu yule, akipekua kwa fimbo ili nisijisikie vibaya. Tulipata vizibo tisa. Havikuwa vyetu. Kingo zilikuwa kali bado, kimoja kikanikata kidole.

Niliporudi mama walikuwa mlangoni, wanachukua watoto na wanapewa habari ya kufungwa kwa darasa. Mwalimu alikuwa akieleza kila mmoja kwa zamu, maneno yaleyale, sauti ileile. Mmoja aliuliza ni mpaka lini, akajibiwa, akasimama akihesabu miezi kwa vidole. "Basi nitamfungia ndani," akasema, si kwa hasira, kama anayesema atapita njia nyingine. "Nitamwachia maji na redio." Akaingia kuchukua mfuko wa mwanawe kwenye msumari wa samaki. Nilitaka kumwambia nitamwangalia mimi huyo mtoto. Halafu nikafikiria ni nani angemwachia mtoto wake Kufuli, baada ya leo.

Yule mdogo kabisa aliondoka amebebwa begani. Alinipungia mkono. "Mwambie pole," akaniagiza.

Tukabaki wawili. Mwalimu alianza kuokota vipande vya ramani, nami nikapiga magoti kumsaidia. Magoti yalikubali, baada ya madhara kutokea. Kutoka pale chini nikaiona ile rafu ya juu, na maboksi yangu, na lebo. Hazisomeki. Unaona vitako vya maboksi tu.

Ungedhani hapo ningenyamaza. Lakini mtu aliyebanwa huongea, nami nimebanwa mara nyingi, ulimi wangu una mazoea.

"Nilifanya kwa nia njema," nikasema.

"Najua."

"Mimi wakaguzi nawajua. Yule si wa kawaida. Wa kawaida angefungua rejista."

Akaendelea kuokota.

"Vizibo nitakukusanyia. Nitazunguka kila duka."

"Miaka sita, kaka. Kila kizibo kililetwa na mtoto. Nilikigonga naye."

"Nitagonga mimi."

"Sawa."

"Usiniambie sawa kwa sauti hiyo. Nigombeze." Akaokota kipande kingine. Nikasimama, nikachukua rejista, nikaifungua mbele yake. "Na hapa mwenyewe angalia. Vilivyotoka vimeandikwa. Vilivyoingia vimeandikwa, kumi na viwili, vyote vipo, hata yule mpayukaji wa uani. Makosa ninayo, sikatai. Lakini hesabu yangu haijapungua hata kitu kimoja. Nionyeshe kilichopungua, Mwalimu. Kimoja tu."

Hakuiangalia rejista. Aliangalia ukuta, misumari yake yote, mitupu, na picha juu yake. Akachomoa penseli kwenye nywele, akaniwekea katikati ya ukurasa.

"Watoto ishirini na wawili," akasema. "Andika, kaka. Nitasaini mimi."